“Atapona?” Ninavyowajibu ndugu wa mgonjwa wa kiharusi aliyepata dawa ya kuyeyusha damu

Swali ni moja, ila kila mtu ana namna yake ya kuliuliza. Mke analiuliza kwa sauti ya chini, chupa ya chai bado iko mkononi. Mtoto mkubwa wa kiume analiuliza kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai risiti. Mama mzazi wa mgonjwa haulizi. Anakutazama tu usoni mpaka wewe mwenyewe uanze kusema. Atapona?

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na wagonjwa wa kiharusi ndio sehemu kubwa ya kazi yangu. Kwa muda mrefu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda tuliijua darasani tu. Wagonjwa walitufikia siku ya pili, ya tatu, wengine wiki nzima imepita, na hapo hakuna tena cha kuyeyusha. Sasa wapo wanaoipata. Ni wachache, katika hospitali chache, na bei yake si ya kila mtu, lakini wapo. Na kwa mgonjwa wa aina hiyo, swali la ndugu zake lina jibu la maana kuliko yale mawili yaliyozoeleka wodini: “Mungu akipenda” na “tusubiri tuone”.

Hilo la kwanza nami nalisema, na ninaliamini. Lakini anayeuliza huwa ana mambo ya kuamua wiki hiyo hiyo. Kiwanja cha Chanika kiuzwe au kisiuzwe? Dada aliyeko Mwanza aombe likizo ya wiki mbili, au aache kazi kabisa aje kuuguza? Mgonjwa akiruhusiwa apelekwe kwake ghorofa ya pili, au kwa mdogo wake mwenye nyumba isiyo na ngazi? Mtu mwenye maswali kama hayo anastahili kuambiwa kila kinachoweza kujulikana.

Tuanze na dawa yenyewe. Kiharusi kiko cha aina mbili kubwa: mshipa wa damu wa ubongo umeziba, au umepasuka. Dawa hii ni ya mshipa ulioziba. Ukimpa aliyepasuka mshipa unaweza kumuua, na ndiyo maana hakuna daktari anayeichoma kabla ya kuona picha ya ubongo, mara nyingi ya mashine ya CT. Iliyotumika zaidi ni alteplasi: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, isizidi 90, sehemu ya kumi inaingizwa kwa mkupuo na iliyobaki inatiririka kwa saa nzima. Ndugu yake mdogo, tenekteplasi, huchomwa mara moja tu na kazi imekwisha. Marekani iliiidhinisha kwa kiharusi mwaka 2025. Shirika la Afya Duniani liliitambua alteplasi kuwa dawa muhimu kwa kiharusi mwaka 2019.

Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka Marekani mwaka 1995, kwa wagonjwa 624 waliofikiwa ndani ya saa tatu. Baada ya miezi mitatu, waliopata dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana. Gharama yake nayo ilionekana: damu ilivuja kichwani na kuleta madhara kwa asilimia 6.4 ya waliopata dawa, wakati kwa wasioipata ilikuwa asilimia 0.6. Vifo havikuongezeka, vilikuwa asilimia 17 kwa waliopata dawa na 21 kwa wenzao. Mwaka 2008 utafiti mwingine, wa Ulaya, ulionyesha kuwa dawa bado inasaidia mpaka saa nne na nusu.

Nasisitiza jambo ambalo ndugu wengi hawaelezwi: dawa hii haimponyi mtu, inafungua njia. Katikati ya eneo lililokosa damu kuna seli zilizokwisha kufa, na hizo hazirudi. Pembeni yake kuna nyingine zilizonyauka tu, kama mahindi ya saa nane mchana, na maji yakifika kwa wakati zinasimama. Nani atasimama na nani hatasimama inategemea ukubwa wa eneo lililokufa kabla sindano haijaingia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu la “atapona?” inakuwa imeshaandikwa mgonjwa anapopitishwa mlango wa hospitali. Inasomeka, ukijua pa kuangalia.

Mwaka 2012 daktari Daniel Strbian na wenzake wa Helsinki, Ufini, walichukua kumbukumbu za wagonjwa wao 1,319 waliochomwa dawa hii, wakatafuta ni mambo gani yanayotabiri hali ya mgonjwa baada ya miezi mitatu. Walibaki na sita, yote yanajulikana ndani ya dakika chache za kwanza. Umri: chini ya miaka 65 hakuna alama, 65 mpaka 79 alama moja, kuanzia 80 mbili. Sukari ikizidi 8, alama moja. Dakika zikizidi 90 tangu kiharusi kuanza mpaka dawa kuingia, alama moja. Kama mgonjwa alikuwa na ulemavu hata kabla ya siku hiyo, alama moja. Picha ya CT ikionyesha mshipa unaong’aa kwa sababu ya bonge la damu, au dalili za mapema za ubongo kufa, alama moja. Ikionyesha vyote viwili, mbili. Na mwisho ukali wa kiharusi kwa kipimo cha NIHSS, ambacho daktari anampima mgonjwa macho, uso, mikono, miguu, maneno na hisia, kisha anajumlisha kuanzia 0 mpaka 42. NIHSS ya 5 mpaka 9 ni alama moja, 10 mpaka 15 mbili, zaidi ya 15 tatu.

Jumla ya juu kabisa ni alama 10, na kipimo chote wanakiita DRAGON. Wenye alama 0 au 1, asilimia 96 walikuwa wanajitegemea baada ya miezi mitatu. Wenye 2, asilimia 88. Wenye 3, asilimia 74. Kuanzia 8 kwenda juu hakuna hata mmoja aliyejitegemea, na wenye 9 au 10 wote walifariki au walibaki kitandani wakihitaji uangalizi usiku na mchana. Kisha wakakijaribu kipimo hicho kwa wagonjwa wengine 333 wa Basel, Uswisi, kikasimama vizuri.

Nilijua hesabu hizi kabla hazijanihusu. Baba yangu mdogo, fundi cherehani wa Magomeni, miaka 61, aliangusha mkasi saa 1:20 asubuhi akiwa anafungua kazi. Kijana wake wa kazi aliona mdomo umeenda upande, akaangalia saa kwenye simu, akaita bajaji. Kuangalia saa kulifanya kazi kubwa siku ile kuliko mambo mengine yote, kwa sababu daktari wa zamu aliuliza “ilianza saa ngapi?” mara tatu, na mara zote tatu alipata jibu lile lile. Dawa iliingia saa 3:30. Sukari ilikuwa 9.6, naye hakuwahi kuambiwa ana kisukari. NIHSS 9: uso, maneno mazito, mkono wa kulia ukiwa hoi, mguu wa kulia nao umelegea. Picha ya CT haikuwa na kitu. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa.

Alama moja ya sukari, moja ya dakika, moja ya ukali. Tatu.

Mama mdogo alinivuta pembeni. “Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako hii? Niambie ukweli. Baba yako atapona?”

Nikamwambia: “Mama, wakikusanywa wagonjwa mia wenye hali kama ya baba, waliochomwa dawa hii hii, sabini na nne hivi baada ya miezi mitatu wanajihudumia wenyewe. Watano wanafariki au wanabaki kitandani. Waliobaki wako katikati, wanahitaji mtu wa kuwasaidia.”

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo kila mwenye akili huliuliza: “Na yeye yumo kwenye wale sabini na nne?”

Hapo ndipo hesabu inapofika mwisho wake. Kipimo hiki kinajua kundi, hakimjui mtu. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika wala hakukata tamaa. Alimpigia simu shangazi yangu Tanga akamwambia asiuze kitu kwa sasa, aje tu kusaidia kwa mwezi mmoja. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa yale tuliyoyajua saa ile, na ndiyo maana nasema jibu la namba, likisemwa kwa upole na kwa heshima, linamsaidia mtu. Watu wetu wanajua kubeba habari nzito. Kinachowachosha ni kuzungushwa.

Lakini hebu tulitazame hilo neno “wanajihudumia”. Kipimo kinachotumika kuhesabu waliopona kilianzia Glasgow mwaka 1957 kwa daktari John Rankin, kikaboreshwa baadaye. Sifuri ni mtu asiye na dalili yoyote. Moja, dalili zipo lakini hazimzuii kitu. Mbili, kuna mambo aliyokuwa akiyafanya hayawezi tena, ila anajiendeshea maisha yake bila msaada. Tatu, anatembea mwenyewe lakini anahitaji kusaidiwa mambo fulani. Nne, hatembei wala kujihudumia bila mtu. Tano, kitandani. Sita, amefariki. DRAGON inaita “matokeo mazuri” kila kitu kuanzia sifuri mpaka mbili.

Leo baba mdogo anatembea bila fimbo. Anaoga, anakula, anaongea na wateja, anaenda msikitini kwa miguu yake, hesabu za duka anazijua kuliko kijana wake. Lakini mkono wa kulia haujarudi kwenye kazi. Kukata kitambaa kwa mkasi mkubwa wa fundi kunataka vidole vifunguke kwa nguvu na haraka, mara mia kwa suruali moja, na vidole vyake vinafunga vizuri kuliko vinavyofunguka. Kutia darizi shingo ya kanzu, kazi iliyompa jina pale mtaani, hawezi. Kwenye daftari la Rankin yeye ni mbili, yaani matokeo mazuri. Mama mdogo anasema amepona. Yeye anasema hajapona. Kila mmoja anasema kweli kwa kile anachokipima, na mimi siku hizi, kabla sijamtajia mtu namba yoyote, namuuliza kwanza mgonjwa wake alikuwa anafanya kazi gani. Dereva wa daladala, mwalimu, mama ntilie, msusi. Kupona kwa msusi kuko kwenye ncha za vidole. Kupona kwa mwalimu kuko kwenye maneno.

Kuna kosa moja nakutana nalo hata kwa wenzangu wa afya, nalo ni kuchanganya maswali mawili. “Atapona?” ni swali moja. “Dawa itamsaidia?” ni swali jingine. Bibi wa miaka 84 mwenye kiharusi kikali ana alama nyingi, na utabiri wake ni mbaya. Ukitoka hapo ukasema basi dawa isipotezwe kwake, umeruka hatua. Uingereza na nchi nyingine walifanya utafiti wa dawa hii kwa wagonjwa 3,035, zaidi ya nusu yao wakiwa na umri unaozidi miaka 80. Na mwaka 2014 ilipounganishwa tafiti tisa zenye wagonjwa 6,756, faida ya dawa ilionekana kwa wazee kama kwa vijana, kwa waliougua sana kama kwa walioguswa kidogo. Bibi yule anaweza asirudi kuwa kama zamani, lakini dawa bado inampa nafasi kubwa zaidi kuliko ambayo angekuwa nayo bila dawa. Kipimo cha utabiri kilitengenezwa kutoka kwa watu waliokwisha kutibiwa. Hakikutengenezwa kuchagua nani atibiwe.

Kilichobadilisha faida katika tafiti zile tisa ni saa. Waliochomwa ndani ya saa tatu, asilimia 32.9 walibaki bila ulemavu wa maana, dhidi ya 23.1 ya wasiopata dawa. Kati ya saa tatu na nne na nusu ilikuwa 35.3 dhidi ya 30.1. Yaani katika kila wagonjwa mia, dawa inaokoa kumi ukiwahi na watano ukichelewa kidogo. Baadaye faida inafifia. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani alipiga hesabu kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo unapoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Wataalamu wa Helsinki nao, baadaye, wakapiga hesabu ya upande wa pili: kila dakika unayookoa kabla ya dawa inampa mgonjwa, kwa wastani, karibu siku mbili za ziada za maisha yenye afya.

Hao wa Helsinki wana haki ya kuzungumzia dakika. Mwaka 1998 mgonjwa wao alikaa dakika 105 tangu kupita mlangoni mpaka sindano kuingia. Kufikia 2011 walikuwa wameshuka hadi dakika 20. Hawakugundua mashine mpya. Gari la wagonjwa linapiga simu likiwa njiani, hospitali inajiandaa, mgonjwa anasukumwa juu ya machela ile ile ya gari moja kwa moja mpaka kwenye CT, na dawa inaanza akiwa bado juu ya meza ya picha. Hawasubiri kila kipimo cha damu kirudi. Melbourne, Australia, waliiga wakafaulu.

Hapa kwetu dakika zinaliwa mbali na hospitali. Zinaliwa foleni ya Mbagala. Zinaliwa zahanati ya jirani ambako mgonjwa anatundikiwa dripu “apate nguvu kwanza”. Zinaliwa kwenye familia inayosubiri kaka mkubwa atoke kazini ndipo aamue. Watafiti waliozungumza na watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliandika mwaka 2008 kwamba ni huku mjini ndiko wengi walikohusisha kiharusi na majini na kurogwa, wakati kule kijijini wengi waliona ni ugonjwa wa mwili. Simkatazi mtu kisomo wala dua. Naomba jambo moja tu: dua isomwe ndani ya gari, likiwa linakwenda. Na anayeamka asubuhi akiwa amepooza, saa zake zinahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, yaani usiku uliopita. Kwa hiyo nani alimwona wa mwisho, na saa ngapi, ni habari ya kwenda nayo hospitalini.

Sindano ikishaingia, jibu halikai pale pale. Linasogea, na kuna nyakati mbili za kulitazama upya.

Ya kwanza ni saa 24. Usiku ule mgonjwa anapimwa presha kila mara, isizidi 180 kwa 105, aspirini haipewi, picha ya CT inarudiwa kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Tafadhali msimpe uji wala chai kwa kificho kabla hajapimwa kumeza, maana uji ukiingia kwenye mapafu unaharibu kila kitu ambacho dawa imeokoa. Asubuhi daktari anapima NIHSS tena, na namba ile ya pili inatabiri vizuri kuliko ile ya kwanza. Ikiwa imeshuka sana, furahini. Bonge limeyeyuka na damu imefika. Ikiwa haijashuka, msivunjike moyo bado. Katika utafiti ule wa 1995, sehemu yake ya kwanza iliangalia hasa nani amepata nafuu ndani ya saa 24, na waliopata dawa hawakutofautiana vya kutosha na wasiopata. Tofauti ilikuja kuonekana wazi miezi mitatu baadaye. Yako maeneo ya ubongo yanayopata damu lakini yanachelewa kuamka. Mwaka huo huo madaktari wa Copenhagen, waliowafuatilia wagonjwa wa kiharusi kwa ujumla, waliandika kuwa asilimia 95 walifika kilele cha kujihudumia ndani ya wiki zisizofikia 13. Wiki hizo ndizo za kuwekeza.

Hapo ndipo ndugu wanapotuuliza kwa nini hatumsimamishi mgonjwa siku hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,104 uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumsimamisha sana na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza waliopona vizuri, asilimia 46 dhidi ya 50 ya waliokwenda taratibu. Kwa hiyo tunakwenda kidogo kidogo, vipindi vifupi. Na kwa hisani yenu, msimvute mkono uliopooza kumwinua. Bega lisilo na misuli ya kulishika linachomoka upesi, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi kwa wiki nyingi.

Wakati wa pili ni siku ya tatu, na huo ndio wangu. Kwa mkono sihitaji mashine. Namkalisha mgonjwa, mkono umelala juu ya mto, kiganja kimetazama chini, na namwomba mambo mawili: anyanyue mkono kutoka begani kwenda pembeni, kisha anyooshe vidole. Kukunja hakuniambii mengi. Ngumi hurudi mapema. Natazama kunyoosha. Wakati mwingine kinachotokea ni kidogo mno, kano za nyuma ya kiganja zinajichora chini ya ngozi na kidole cha kati kinaacha mto kwa upana wa shilingi. Kwa jicho la ndugu hapo hakuna kitu. Kwa jicho langu kuna njia nzima iliyo hai kutoka kwenye ubongo mpaka kidoleni. Watafiti wa Uholanzi waliandika mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza yote mawili, hata kwa udhaifu, ndani ya saa 72, ana nafasi ya asilimia 98 ya kuwa na uwezo fulani wa kutumia mkono huo baada ya miezi sita. Asiyeweza lolote, nafasi yake ni asilimia 25. Wenzetu wa Auckland, New Zealand, wakajenga juu ya hapo: bega na vidole kila kimoja kinapewa 0 mpaka 5, ukijumlisha ukapata 5 au zaidi kwa mtu wa chini ya miaka 80, mkono una matumaini makubwa. Ukipata chini ya 5, unahitajika mtambo wa sumaku wa kupima kama ujumbe wa ubongo bado unafika mkononi. Utabiri wao unapatia kwa wagonjwa watatu kati ya wanne.

Baba mdogo alipata mbili begani na mbili vidoleni. Nne. Mtambo ule hospitali aliyolazwa haikuwa nao. Nikamwambia mama mdogo: mkono utashika kikombe, utashika sabuni, utafunga mlango, kuhusu mkasi siwezi kuahidi. Alitaka kujua kama amwambie mgonjwa mwenyewe. Tulimwambia pamoja, mimi nikiwa nimekaa kitandani kwake, na siku iliyofuata alianza kumfundisha kijana wake kukata, kwa maneno, akiwa amelala.

Ninachokiogopa katika vipimo hivi ni matumizi yake. Nesi akisikia “huyu ana alama nane”, mkono wake unakuwa mzito. Mgonjwa anageuzwa mara chache, anapata kidonda cha mgongo, homa ya mapafu inaingia, anafariki. Kisha tunaandika kwamba utabiri ulikuwa sahihi. Utabiri ulisaidiwa. Mgonjwa mwenye alama nyingi ndiye anayehitaji kugeuzwa, kupimwa kumeza na kunyooshwa viungo kuliko yule mwenye mbili ambaye angeinuka hata bila mimi. Namba ni ya kupanga nyumba, fedha na watu. Haipangi bidii yetu kitandani.

Na namba zenyewe ni za huko. Asilimia 74 ya Helsinki ilipatikana kwa watu waliolazwa kwenye wodi maalumu ya kiharusi, wakapata mazoezi kila siku, wakarudi kwenye nyumba zenye lifti na dawa za presha zisizokatika. Mgonjwa wetu wa alama tatu anaweza kurudi Kigamboni na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mara moja kwa mwezi, kama nauli ipo. Presha yake ilikuwa juu kwa miaka bila kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba, ukisawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 108.6. Jiji lenye mzigo wa namna hiyo linaendelea kuazima utabiri wa Ufini. Mimi nautumia, kwa kuwa ndio uliopo, na kila mara namwambia ndugu kwamba huku kwetu inaweza kuwa chini ya hapo.

Tunaweza kuwa na zetu. Mambo sita ya DRAGON yote yanaandikwa tayari kwenye faili, ila yametawanyika. Wodi yoyote inayochoma dawa hii ingeweza kuanza na daftari moja: mistari sita kwa kila mgonjwa, hali ya vidole siku ya tatu, namba mbili za simu za ndugu, na tarehe ya miezi mitatu mbele. Siku ikifika mtu anapiga simu. Anatembea mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Anabaki nyumbani peke yake? Amerudi kazini, na ni kazi ile ile? Hilo la mwisho ningeomba lisiachwe. Waliotumika Basel kukihakiki kipimo kile walikuwa 333 tu, na hospitali chache za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zikiunganisha madaftari yao zinaweza kuifikia idadi hiyo.